Namna ya Kuupata Mtindo Wako Mwenyewe Katika Kucheza na Kutunga Dansi

Nilipomaliza kucheza jukwaani dansi yangu ya kwanza ya peke yangu, nikiwa bado natweta, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniambia, "Hongera mwanangu, umecheza vizuri, utadhani ni mwalimu wako." Alinisifu kwa moyo mweupe, nami nikamshukuru. Usiku ule sikupata usingizi. Dansi ile niliitunga mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na mwalimu wangu alikuwa hajaiona hata mara moja. Miondoko yake ilikuwa imeshazama mwilini mwangu kiasi kwamba pale nilipodhani natunga, kumbe nilikuwa nakumbuka.

Hatua zinazofuata ni kazi niliyoianza baada ya usiku ule. Ni za mtu ambaye tayari anacheza: miguu inakutii, mdundo unausikia, watu wanakusifu, lakini ukijitazama kwenye video unamwona mtu mwingine. Kama ndiyo kwanza unajifunza, uache mwongozo huu kwa sasa uendelee kuiga. Mwige mwalimu, waige wenzako, iga mpaka mwili uwe na maneno ya kutosha. Mwili usio na msamiati hauna cha kuchagua, na mtindo ni kuchagua.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani mtindo ni hatua mpya ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifanya, wanajifungia chumbani kuitafuta, wanatoka mikono mitupu. Mwaka 1983 Michael Jackson alipoteleza kinyumenyume mbele ya kamera za televisheni, ulimwengu uliona kitu kipya. Hatua yenyewe ilikuwa ya zamani: mcheza tapu (dansi ya kugonga sakafu kwa viatu) Bill Bailey alishaifanya mbele ya kamera miongo kadhaa kabla. Kilichokuwa cha Jackson ni pale alipoiweka ndani ya wimbo, utulivu wa kiwiliwili juu ya miguu inayoteleza, na ujasiri wa kuionyesha kwa sekunde chache tu kisha kuiacha. Huo wote ni uamuzi. Nawe unafanya maamuzi ya namna hiyo kila unapocheza, bila kuambiwa na mtu: unatua kwa kisigino au kwa vidole, unauwahi mdundo au unauchelewa kidogo, macho yanakwenda wapi mkono unapopanda. Kazi yako ni kuyaona, kuyatenganisha ya kwako na ya kuazima, kisha kuchagua utakayoyalea.

Hatua ya kwanza: jirekodi kabla hujajipanga

Kwa siku kumi na nne, cheza dakika tano kila siku mbele ya simu. Usitunge chochote. Siku moja cheza kwa wimbo unaoupenda, siku nyingine kwa wimbo usioufahamu, na angalau siku tatu cheza kimya, bila muziki wowote. Simu iweke mbali kiasi cha kuuona mwili wote, miguu ikiwemo. Usitazame chochote mpaka siku kumi na nne ziishe, kwa sababu ukitazama siku ya pili, siku ya tatu utaanza kujirekebisha na kumbukumbu itakuwa imeharibika.

Kioo kifunike kwa shuka. Nalisisitiza hili kwa sababu kioo ni mwalimu mkali kuliko wote, na anafundisha kitu kimoja tu: kinachopendeza kwa mbele. Mtu aliyekulia mbele ya kioo utamtambua kwa shingo. Hata akizunguka, kichwa kinawahi kurudi palepale kwenda kujikagua. Mgongo wake haujui kuzungumza.

Zikiisha siku hizo, tazama video zote kwa mpigo mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti, ili muziki usikudanganye. Mara ya pili kwa kasi ya nusu. Mara ya tatu tazama sehemu moja tu ya mwili: miguu kwanza, kisha viwiko, kisha kifua. Kando yako uwe na daftari, na maneno mawili ni marufuku kuandikwa humo: "vizuri" na "vibaya". Andika vitendo. "Nageukia kushoto kila mara." "Bega la kulia ndilo linaloanza." "Nashusha pumzi kabla ya kuruka." "Vidole vya mikono vimekufa."

Ukikwama namna ya kueleza unachokiona, kuna chombo kizuri alichotuachia Rudolf Laban (1879–1958), aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi mwili unavyotumia nguvu. Jiulize mambo matatu kuhusu kila mwondoko: uzito wake ni wa kukandamiza au mwepesi, muda wake ni wa ghafla au wa taratibu, njia yake hewani imenyooka au inapindapinda. Ukiyachanganya unapata vitendo vinane, na kwa bahati Kiswahili kina majina yake tayari: kupiga ngumi, kusukuma, kufyeka, kukamua, kudonoa, kuteleza, kukung'uta na kuelea. Piga mstari kila unapokiona kitendo kimojawapo kwenye video zako, kisha hesabu. Karibu kila mchezaji niliyefanya naye zoezi hili alikuwa anaishi katika viwili au vitatu. Mimi nilikuwa mtu wa kufyeka na kukung'uta, na katika siku zote kumi na nne sikukamua hata mara moja. Nilishangaa, kwa sababu nilijihesabu kuwa mchezaji mwenye miondoko ya kila aina.

Hatua ya pili: chora ukoo wa miondoko yako

Chagua miondoko kumi inayojirudia zaidi kwenye daftari, na kila mmoja uupe wazazi. Huu nimeutoa kwa mwalimu. Huu nimeuona kwenye video nikautazama mara mia. Huu ni mchezo wa utotoni. Huu ni jinsi baba anavyotembea akiwa amechoka. Usione haya kuandika ukweli. Daftari ni lako.

Utapata mafungu matatu: ya kuazima, ya kurithi nyumbani na maishani, na fungu dogo la miondoko usiyojua imetoka wapi. Fungu la tatu lichunguze kwa makini kuliko yote. Mara nyingi humo mna mwondoko ambao umeuona kama kasoro, kitu kinachojitokeza katikati ya hatua mbili wakati hufikirii, na ndiyo maana hakuna mwalimu aliyekupa.

Fungu la kuazima usilitupe. Aliyefunzwa hawezi kujifanya hakufunzwa, na mitindo mingi yenye nguvu imezaliwa pale mafunzo mawili yalipogongana ndani ya mwili mmoja. Akram Khan, aliyezaliwa London mwaka 1974, alianza kucheza Kathak, dansi ya jadi ya India, tangu utotoni, akaja kusoma dansi ya kisasa akiwa kijana mkubwa. Nyayo zake zinapiga sakafu kwa hesabu za Kathak huku kiwiliwili kikianguka na kujikunja kwa namna ambayo Kathak pekee isingempa. Germaine Acogny, aliyeongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia 1977 hadi 1982, alijenga mbinu yake kwa kuyakutanisha mafunzo ya baleti na dansi ya kisasa na ngoma za Afrika Magharibi, akauweka uti wa mgongo kuwa kitovu cha yote. Tazama walichofanya: hawakuchukua nusu ya hiki na nusu ya kile kama mtu anayepima unga. Kila mmoja alitafuta sehemu ya mwili ambapo mafunzo yake mawili yanagombana, akakaa hapohapo.

Basi nawe tafuta ugomvi wako. Kama umejifunza hip hop na baleti, huenda ugomvi uko kwenye magoti, hip hop inataka yazame na baleti inataka yanyooke. Cheza dakika kumi ukifuatilia magoti tu. Usiamue nani mshindi.

Hatua ya tatu: jinyime

Chukua miondoko mitatu unayoipenda kuliko yote, ile inayokuokoa ukiishiwa, na uipige marufuku kwa wiki mbili. Andika marufuku hiyo ukutani. Mzunguko wako wa kushoto, mkono wako wa kufyeka, kule kushuka sakafuni kunakofanya watu wapige makofi: vyote vikae nje.

Siku tatu za mwanzo utajiona mchezaji mbovu, na ni kweli utacheza vibaya. Vumilia. Siku ya nne au ya tano mwili unaanza kutafuta njia za pembeni, kama maji yaliyozibwa, na njia hizo ndizo tunazozitaka. Kuna tabia zitakazorudi kwa mlango mwingine: umepiga marufuku mkono wa kufyeka, sasa mguu unafyeka. Ziandike hizo. Tabia inayorudi hata baada ya kufukuzwa ina mizizi, hiyo ni yako. Inayokufa kimya kimya bila hata kuikumbuka ilikuwa mgeni.

Ukimaliza hapo, ongeza kete. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham (1919–2009) kwa miaka mingi alirusha sarafu kuamua mwondoko upi ufuate upi, mchezaji gani aingie na upande gani, makusudi ili mapenzi yake mwenyewe yasiwe ndiyo yanayoamua kila kitu. Andika miondoko sita, pande sita za kuelekea na kasi sita. Rusha kete mara tatu kwa kila hatua mpaka upate mfululizo wa hatua nane, kisha ujifunze mfululizo huo kama ulivyotoka, bila kurekebisha chochote kwa siku tatu nzima.

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Kete hazitakupa mtindo. Zinachokupa ni maumivu ya ladha. Utafika mahali katika mfululizo ule ambapo mwili wote utakataa: "Hapana, hapa sivyo, hapa ilitakiwa nisimame kwanza." Sauti hiyo ni ya nani? Mwalimu wako hajawahi kuuona mfululizo huo, wala hakuna video yake. Ni wewe unayeongea, pengine kwa mara ya kwanza. Siku ya nne jiruhusu kubadilisha vitu vitatu tu, na andika ulibadilisha nini. Nilipofanya zoezi hili mara tano na mifululizo mitano tofauti, niligundua kwamba karibu kila badiliko langu lilikuwa ni kuongeza kituo, pumziko fupi kabla ya mwondoko mkubwa. Nimekuwa mchezaji wa kasi tangu utoto, na watu wote wananijua hivyo, kumbe nilichokuwa nakililia ni kusimama.

Hatua ya nne: uheshimu mwili ulio nao

Andika marekebisho matatu ambayo walimu wamekuambia miaka nenda rudi. "Fungua nyonga." "Shusha mabega." "Mikono mirefu mno, ikusanye." Kisha chagua moja na uligeuze kuwa sheria ya kutungia.

Mtunzi wa dansi Bob Fosse (1927–1987) miguu yake haikufunguka kwenda nje jinsi baleti inavyotaka, mabega yake yaliinamia mbele, nywele nazo zilianza kumtoka mapema. Katika dansi zake utaona magoti yaliyogeuzwa ndani, mabega yaliyokunjwa, viganja vinavyoning'inia, na kofia, kofia kila mahali. Ukiona sekunde kumi tu za kazi yake unamjua. Kazuo Ohno, aliyezaliwa Japani mwaka 1906, aliendelea kucheza mbele ya watu akiwa na zaidi ya miaka tisini, na miguu ilipokataa alicheza kwa mikono akiwa ameketi. Cunningham naye, baridi yabisi ilipombana viungo, kuanzia miaka ya 1990 alitunga kwa programu ya kompyuta, akisogeza vikaragosi kwenye skrini na kuwaachia wachezaji wake kazi ya kuviingiza mwilini. Miondoko ikawa migumu na ya ajabu kuliko ile ya zamani.

Masharti mawili. La kwanza, jifunze kwanza kuifanya ile njia "sahihi" kadiri mwili wako unavyoruhusu, la sivyo hutajua kama umechagua au umekwepa mazoezi. La pili, kikomo si jeraha. Nyonga isiyofunguka ni kikomo; maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe, au goti linalokwama ni jeraha, na hilo hupelekwa kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Usijenge mtindo juu ya jeraha. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo, na dansi ikaisha pamoja na goti.

Hatua ya tano: tafuta swali lako

Martha Graham na Doris Humphrey walipita katika shule moja ya dansi, Denishawn, huko Marekani. Walifundishwa na watu walewale. Graham akaondoka na kuishia kwenye pumzi: nini kinatokea kwa kiwiliwili mtu anapotoa pumzi mpaka tumbo likajikunja, kisha akaiachia? Humo kulizaliwa mbinu yake nzima ya kubana na kuachia. Humphrey akauliza jingine: kuna nini kati ya kusimama wima na kuanguka chini? Akajenga dansi yake juu ya kuanguka na kujirudisha. Shule moja, maswali mawili, miili miwili isiyofanana hata kidogo.

Swali linaloweza kutungiwa dansi lina sifa moja: mwili unaweza kulijibu. "Upendo ni nini?" halijibiki kwa kiwiko. "Mwili unafanya nini sekunde moja kabla ya kumkumbatia mtu mliyegombana?" linajibika, na linajibika kwa namna mia. Pina Bausch, aliyeanza kuongoza kundi la dansi la Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1973, alifanya kazi hivyo kwa miaka mingi: aliwauliza wachezaji maswali, wakajibu kwa mwondoko, kwa neno, kwa tukio dogo, naye akachagua machache na kuyaacha mengi.

Andika maswali ishirini. Yapate kwa kuangalia unachokitazama kwa muda mrefu bila sababu: watu wanaosubiri foleni, mtoto anayejifunza kupanda ngazi, mikono ya fundi cherehani. Chagua moja na ukae nalo miezi mitatu. Ukichoka nalo baada ya wiki, halikuwa lako, chukua jingine.

Hatua ya sita: tunga dakika moja

Dakika moja tu. Watunzi wanaoanza hutaka kutoa onyesho la saa nzima, na ndani ya saa nzima mtindo unajificha kirahisi nyuma ya mavazi, taa na idadi ya watu. Katika dakika moja hakuna pa kujificha.

Chukua miondoko mitatu kutoka fungu la tatu au kutoka yale mabadiliko ya kete, sheria moja ya mwili wako, na swali moja. Hivyo tu. Ukikosa namna ya kuvipanga, azima mbinu ya kulimbikiza aliyoitumia Trisha Brown mwaka 1971: fanya mwondoko wa kwanza, rudia wa kwanza uongeze wa pili, rudia yote miwili uongeze wa tatu. Kurudia kunakulazimisha ujue kila mwondoko unaanza wapi na unaishia wapi, na wengi hatujui.

Tunga kimya. Muziki uje baadaye. Ukishamaliza, icheze dakika hiyo kwa nyimbo tatu zisizofanana, moja ya polepole, moja ya kasi, moja isiyo na mdundo wa wazi. Ikiwa dansi inakufa mara tu unapoibadilishia wimbo, basi ulichokuwa nacho kilikuwa mtindo wa wimbo. Hili linauma, na ni jambo jema kulijua mapema. Cunningham na mwanamuziki John Cage walikwenda mbali zaidi, wakatunga dansi na muziki kila mmoja kivyake, vikakutana siku ya onyesho. Si lazima ufike huko, ila jaribu japo mara moja uone kinachobaki.

Hatua ya saba: mpe mwenzako

Mpaka hapa umefanya kazi ya mchezaji. Kazi ya mtunzi inaanza unapompa mwenzako dakika ile aicheze yeye.

Mfundishe kwa siku mbili, kisha keti umtazame. Kitu fulani kitakuwa kimepotea. Hatua zote zipo, hesabu ziko sawa, lakini ule uhai haupo, na kishawishi ni kumlaumu: "Hujaipata." Usimwambie hivyo. Kilichopotea ni kile ambacho mwili wako unakifanya bila wewe kukijua, na kwa kuwa hukijui, hukumfundisha. Hiyo ndiyo sehemu ya thamani ya kazi yote hii. Tazama tena, mwombe arudie, cheza pembeni yake, mpaka ukipate kwa jina. Mimi ilinichukua wiki kugundua kwamba kabla ya kila mwondoko nilikuwa napeleka uzito upande wa pili kidogo sana, kama mtu anayerudi nyuma kabla ya kuruka mfereji. Nilipomwambia rafiki yangu, "Kabla hujaenda, rudi," dansi iliwaka palepale. Maneno matatu yakafanya kazi ambayo masaa ya kuhesabu "moja, mbili, tatu" hayakuifanya.

Weka orodha ya maneno kama hayo. Ndiyo lugha yako ya mazoezini, na ndiyo itakayowafanya wachezaji kumi wenye miili kumi waonekane wa nyumba moja bila kuwa nakala zako. William Forsythe, aliyeongoza Ballet Frankfurt kuanzia 1984 hadi 2004, alipeleka wazo hili mbali sana: aliwapa wachezaji kanuni, kama kuwaza mistari na nukta hewani kisha kuikunja, kuiburuta au kuikwepa kwa mwili, na wao wenyewe wakazalisha miondoko kutokana nazo. Hatua zilikuwa za wachezaji. Namna ya kufikiri ilikuwa yake.

Na ukikuta kwamba mwenzako ameongeza kitu kizuri kuliko chako, kiache kibaki, mwambie, na jina lake liandike kwenye karatasi ya onyesho.

Kuhusu kuazima

Mwaka 2011 Beyoncé alitoa video ya wimbo ambayo ndani yake watu walitambua miondoko na picha za dansi za Anne Teresa De Keersmaeker wa Ubelgiji, ikiwemo ile aliyoitunga mwaka 1983 kwa ajili ya wanawake wanne na viti vyao. De Keersmaeker alilalamika hadharani. Mwaka 2013 alifanya jambo ninalolipenda: sehemu ile ya viti aliifundisha kwa video za bure na kualika watu wa kila mahali waicheze kwa namna yao. Dansi ni ileile. Tofauti ni kuombwa na kutajwa.

Kanuni yangu ni nyepesi. Mwondoko mmoja mmoja hauna mwenyewe, kupinda goti ni kwa wote. Mfululizo, mpangilio na picha nzima ya jukwaa vina mwenyewe, na tungo za dansi zimetajwa katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, miongoni mwa kazi zinazolindwa. Dansi ya jamii ambayo si yako ina wenyewe pia, hata kama hakuna jina la mtunzi: nenda kwa wanaoicheza, jifunze maana yake na wakati wake wa kuchezwa, omba, taja waliokufundisha, na kubali ukiambiwa kuna sehemu haitoki nje. Kwa upande wako, kila kipande unachokitunga kirekodi chote mara moja, bila kukata, na uhifadhi video yenye tarehe.

Hatua ya nane: uliza kumbukumbu

Onyesha dakika yako kwa watu watatu: mchezaji, mtu asiyecheza kabisa, na mtu asiyekufahamu. Usiwaulize kama wameipenda. Watakuambia ndiyo, kwa adabu. Subiri siku tatu, kisha waulize wanakumbuka nini, na uwaombe waonyeshe kwa mwili wao hata kama wanaona aibu. Mtu asiyecheza akiinua bega na kusimama kidogo kabla ya kugeuka, na wewe ukajitambua katika bega lile, kitu kimeshikika. Watatu wote wakionyesha vitu vitatu tofauti, rudi hatua ya sita upunguze. Mara nyingi dawa ni kupunguza.

Wakikukumbusha mtu mwingine, "Umenikumbusha fulani," usikasirike wala usikate tamaa. Uliza: wapi hasa? Kwenye mkono, kwenye mwendo, kwenye uso? Jibu hilo liandike, kisha rudi hatua ya tatu na sehemu hiyo moja tu.

Mwaka ukiisha

Rudia hatua ya kwanza kama ilivyo, siku kumi na nne, kioo kimefunikwa. Ziweke video za mwaka jana na za mwaka huu zichezwe pamoja bila sauti, na hesabu tena vile vitendo vinane. Kuna miondoko itakuwa imekomaa, mingine itakuwa imekufa, na mmoja au miwili itakuwa imegeuka mazoea matupu, unaifanya kwa sababu watu wanaitarajia. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kubandikwa ukutani safari hii, wiki mbili, pamoja na tarehe ya kuanza.